Chupa Dirishani

Dirishani pangu Kasese, mwanga wa asubuhi unapoingilia,
pana chupa ya kioo, zamani ilikuwa ya jemu.
Wageni hudhani ni asali.
Ni dizeli. Nusu lita, tangu jana jioni,
nimeiacha itulie, iseme yenyewe.

Sikuzaliwa na ujuzi huu. Nimeulipia.

Mwaka ule wa kwanza gari lilipokuwa langu
(marehemu aliniachia Fuso, deni, na funguo mbili)
nilinunua macho yangu yakiwa mfukoni.
Bwera, kando ya barabara, juu ya meza ya mbao,
madumu ya njano yamejipanga kama kwaya,
shilingi mia tatu chini ya bei ya mjini.
Nikajaza. Nikacheka. Nikawaona wajinga
wanaopanga foleni kwa kitu kile kile.

Rahisi ina mkia mrefu.
Mkia wake niliuona Kikorongo, saa tano usiku,
magunia sitini ya kahawa mgongoni.
Injini ikakohoa mara moja, kama mtu anayeomba radhi,
mara ya pili, kama mtu asiyeomba tena,
kisha kimya. Kimya cha mbuga.
Ndovu alivuka lami bila kutujali.
Kule, taniboi wangu, akaanza kusali kwa lugha ya mamaye,
nami nikahesabu: si nyota, nozeli.
Sita. Na pampu.

Masereka fundi alimwaga kichungi kwenye beseni,
akaniita nije nione: maji, mchanga,
harufu ya kibatari.
“Mama Biira, hii si dizeli.
Haya ni mafuta ya taa yaliyovaa suti.”
Sikucheka. Karo ya Biira, muhula mzima,
ilikuwa ikielea ndani ya lile beseni.

Ndipo nikaanza kuzichunguza sheli
kama mama anayemchunguza mchumba wa bintiye.
Ipo inayong'aa, taa usiku kucha,
kijana anafuta kioo kabla hujamwomba;
mita yake hukimbia kuliko mafuta.
Ipo ambayo malori ya saruji hayaingii,
na dereva wa saruji, mbele ya pampu,
ana imani ya Tomaso: hata jeraha atalitia kidole.
Ipo iliyokuwa njema mpaka ilipouzwa.
Rangi ikabaki, jina likabaki,
wema ukaondoka na mwenyewe.

Nikanunua kidogo kidogo, nikatega chupa,
nikasugua tone kati ya vidole, nikadai risiti
mpaka wakanipa jina ambalo silisemi hapa.

Lakini si chupa iliyonichagulia.
Ilikuwa alfajiri, siku mbili baada ya Nyamwamba kufurika,
tangi tupu, safari ya Kampala mbele yangu.
Ithungu, binti wa pampu ya tatu,
aliuinua mkonga, akasita.
Bosi wake dirishani anahesabu noti.
Akasema, midomo haikufunguka sana:
“Leo usijaze, mama. Maji yameingia chini.
Jaribu kule juu. Urudi Alhamisi.”

Mimi, niliyeuziwa uongo na kila tabasamu la barabara hii,
nilikuwa nimekataliwa kuuziwa.
Nilikaa nyuma ya usukani kitambo,
sijui nishukuru au nilie.

Alhamisi nikarudi.
Miaka sita sasa narudi,
hata wanapozidi wenzao kwa shilingi hamsini.

Na chupa bado natega, msinielewe vibaya.
Kuamini si kufumba macho.
Ithungu mwenyewe huniuliza, mkonga mkononi,
“Ya juzi ilisemaje?”

Ya leo imesema vizuri.
Rangi ya chai isiyotiwa maziwa, chini hamna mstari.
Nimeinama nikachungulia ndani yake
nikauona mlima wote, na theluji yake iliyobaki,
umepinda kidogo,
lakini wote.